Idd inaweza kuujenga mji, tukijua kuiandaa

KILA mwaka mwezi wa Mfungo Mosi ukiandama, miji yetu ya pwani hujaa watu kwa siku mbili, kisha hunyamaza. Mabasi hushusha watoto wa mji waliotawanyika Dar es Salaam, Arusha na Mombasa. Mafundi cherehani hukesha, bei ya kuku hupanda, na watoto hutoka na nguo mpya na vijisenti vyao vya mkono wa Idd wakitafuta pa kwenda. Ikifika siku ya tatu, yote yamekwisha. Mgeni amerudi alikotoka, mfanyabiashara amefunga hesabu yake, na mji haukubakiwa na kitu cha kuufanya ukumbukwe hadi mwakani.

Leo, ndugu msomaji, nataka safu hii iwe darasa. Somo lenyewe ni hili: mji unawezaje kuichukua sikukuu yake, ukaifanya tukio la kila mwaka lenye kuutangaza, kuwapa watu wake riziki na kuwatunza watoto wake, bila ya kuivunjia sikukuu hiyo heshima? Miji mingine imelifanya jambo hili kwa miaka mingi. Iko iliyofaulu na iko iliyoumia. Ni busara tukatazama yaliyowapata wenzetu kabla hatujaanza kujenga majukwaa.

Kwa nini liwe la kila mwaka?

Hebu tuanze na swali la msingi. Halmashauri nyingi hupenda sherehe ya mara moja. Anakuja mgeni rasmi, zinapigwa ngoma, watu wanagawiwa fulana, na mwakani hakuna anayekumbuka. Sherehe ya namna hiyo haiujengi mji kwa sababu hakuna anayeweza kujiandaa nayo. Mwenye gesti hawezi kupaka rangi vyumba kwa ajili ya jambo asilojua kama litarudi. Mama lishe hawezi kununua masufuria makubwa. Kijana wa ngalawa hawezi kuchonga chombo kipya.

Tukio likirudi kila mwaka, mahali palepale na kwa utaratibu uleule, mambo matatu hutokea. Kwanza, watu hulitia katika mipango yao. Mtu wa Dar es Salaam huweka akiba ya nauli miezi mitatu kabla. Pili, wenyeji huthubutu kutia mtaji wao. Tatu, waandaaji hujifunza: mwaka wa kwanza maji yalikosekana, mwaka wa pili matangi yanaletwa mapema. Kitu cha mara moja hakina mwaka wa pili wa kujirekebisha.

Hapa kwetu tuna mfano wa karibu. Sherehe za Maulidi kitaifa huhamishwa mkoa hadi mkoa. Jambo hilo ni zuri kwa umoja, maana kila mkoa hupata zamu ya kuwakirimu wenzake. Lakini kwa mji wenyewe, ugeni ule huja na kuondoka kama mvua ya vuli. Hakuna mji unaozoea kupokea maelfu ya wageni kwa sababu mwakani wageni hao wako kwingine.

Somo la Dubai

Mji ambao wasomaji wengi wa safu hii wanaujua, ama kwa kufika ama kwa bidhaa zinazotoka huko kuja Kariakoo, ni Dubai. Mwaka 1996 mji huo ulianzisha tamasha la biashara kwa agizo la Sheikh Mohammed bin Rashid Al Maktoum. Mwaka ule wa kwanza tamasha lilichukua siku 43. Kwa hesabu za waandaaji wenyewe lilipata wageni milioni 1.6, waliotumia dirham bilioni 2.15.

Walifanya nini? Hawakujenga mji mpya. Maduka yalikuwapo, hoteli zilikuwapo, bandari ya Jebel Ali ilikuwapo tangu mwaka 1979 na shirika la ndege la Emirates tangu 1985. Kilichofanyika ni kuviunganisha vyote katika msimu mmoja. Wenye maduka walikubaliana kupunguza bei kwa wakati mmoja. Ziliwekwa bahati nasibu, michezo ya familia na fataki. Pembezoni mwa hori la Dubai vikawekwa vibanda vya mataifa mbalimbali. Vibanda hivyo vikakua hadi kuwa kijiji kizima cha maonyesho chenye eneo lake nje ya mji. Mwaka 1998 wakaongeza tamasha la kiangazi, wakati ambapo joto huwafukuza wageni.

Liangalie jambo hilo la mwisho. Dubai ilijiuliza: ni wakati gani vyumba vyetu viko vitupu? Ikapeleka tamasha huko. Watu wengi hufanya kinyume: huongeza sherehe pale ambapo mji tayari umejaa, kisha hushangaa kuona msongamano bila faida.

Hata hivyo Dubai haiigiki yote. Ile ni serikali yenye bandari, ndege na fedha mkononi mwake. Na si kila kilichomo katika tamasha lile kinafaa kuigwa na Waislamu. Hiyo bahati nasibu peke yake inatosha kutusimamisha. La kuchukua ni mbinu: tafuta ulichonacho, kiunganishe, kipe majira yake, kisha usikiache.

Mishumaa ya Lyon

Wengine watasema hatuna fedha. Basi tutazame mji wa Lyon, Ufaransa. Mwaka 1852 Wakatoliki wa mji ule walipanga kuzindua sanamu ya Bikira Maria juu ya kilima cha Fourvière. Siku iliyowekwa, tarehe 8 Desemba, hali ya hewa ilichafuka na fataki zilizoandaliwa zikawa hatarini. Hali ilipotulia jioni, wenyeji wakaweka mishumaa katika madirisha ya nyumba zao, mtaa kwa mtaa, hadi mji mzima ukang'aa. Ikawa desturi yao kila mwaka.

Mwaka 1999 mji ukaijenga desturi ile kuwa tamasha la taa la siku nne, lenye mafundi wa kupamba majengo kwa mwanga, na wageni wakaanza kumiminika kutoka nchi nyingi. Mwaka 2015, baada ya mashambulizi ya Paris ya mwezi Novemba, tamasha kubwa lilifutwa kwa ajili ya usalama. Lakini wenyeji waliombwa waweke mishumaa madirishani kuwakumbuka waliokufa, nao wakaweka. Majukwaa yaliondolewa na sikukuu ikabaki, kwa sababu mizizi yake ilikuwa majumbani.

Mji mwingine wa nchi hiyohiyo, Strasbourg, una soko la Krismasi tangu mwaka 1570. Mwaka 1992 mji ukajipa jina la Mji Mkuu wa Krismasi. Soko lilikuwapo karne nne. Jina ndilo lililokuwa jipya, na jina hilo likawa tangazo.

Sisi si Wakristo na sikukuu zile si zetu. Lakini hekima ni ya kuokotwa popote ilipo. Hekima yenyewe ni kwamba tukio lenye kudumu halibuniwi ofisini. Huokotwa katika lile ambalo watu wenyewe tayari wanalifanya kwa mapenzi, kisha likapangwa.

Lamu imetangulia

Hatuna haja ya kwenda Ulaya kulithibitisha hilo. Lamu tunayo. Mwishoni mwa karne ya 19 Habib Swaleh, mwanachuoni mwenye asili ya Ngazija, aliweka pale misingi ya Riyadha na Maulidi yake. Aliwafungulia mlango wa elimu hata watu wa tabaka la chini ambao zamani hawakuwa na nafasi mbele ya mabwana wa mji. Alifariki mwaka 1935, na hadi leo Maulidi ya Lamu hukusanya watu kutoka Kenya nzima, Tanzania, Uganda, Visiwa vya Ngazija na kwingineko.

Najua kuwa wako ndugu zetu wasioyakubali Maulidi, na safu hii haikukusudiwa kufungua mjadala huo. Nayatazama hapa kama mpango wa mji. Na kama mpango, yana mafunzo matatu.

La kwanza ni tarehe. Kilele chake hakiwi usiku wa tarehe 12 ya Mfungo Sita, bali mwishoni mwa mwezi. Hivyo mtu wa Mombasa au Tanga husherehekea kwao kwanza, kisha akapata nafasi ya kusafiri. Lamu haikushindana na miji mingine, iliipisha.

La pili ni mashindano. Pembeni ya ibada kuna mbio za punda, mashindano ya majahazi, kuogelea, bao na hati za Kiarabu. Hakuna hata kimoja kilichoagizwa kutoka nje. Punda ndiye usafiri wa vichochoro vya Lamu, na jahazi ndilo maisha yao. Mgeni huyaona maisha ya watu wenyewe, yakiwa yamepambwa kidogo.

La tatu ni ukarimu. Wageni wengi hupokewa na wenyeji. Mji Mkongwe wa Lamu ulipoingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001, mwaka huohuo likaanzishwa na tamasha la utamaduni. Lakini hilo lilikuta watu ambao kwa karne nzima walikuwa wamekwisha zoea kupokea wageni.

Pale yalipoharibika

Darasa lisilotaja hasara ni tangazo la biashara. Kwa hiyo tutazame na upande wa pili.

Edinburgh, Scotland, ilianzisha rasmi sherehe zake za mtaani za mkesha wa mwaka mpya mwaka 1993. Zilikua kwa kasi mno. Mkesha wa kuingia 1997 watu zaidi ya 300,000 walijaa mitaani, ikawa hatari, na baada ya hapo ikabidi watu waingie kwa tiketi na idadi ipunguzwe. Miaka ikapita. Desemba 2019 ukazuka ugomvi mwingine: wakazi wanaoishi ndani ya eneo la sherehe walitakiwa waombe vibali vya kufika kwenye nyumba zao wenyewe usiku huo. Watu walikasirika, na walikuwa na haki. Mwenye nyumba akiombwa kibali cha kuingia kwake, sherehe ile si ya mji tena.

Shanghai, China, mkesha wa mwaka mpya wa 2015, watu 36 walikufa kwa kukanyagana kwenye ngazi za ufukwe wa mto. Onyesho la taa lilikuwa limehamishiwa kwingine, lakini habari hazikuwafikia watu wa kutosha, wakaja kwa wingi palepale pa miaka iliyotangulia. Seoul, Korea Kusini, tarehe 29 Oktoba 2022, watu 159 walipoteza maisha baada ya umati kubanana katika kichochoro chembamba chenye mteremko. Sherehe ile haikuwa na mwandaaji mmoja. Kila mtu alidhani mwenzake ndiye mwenye jukumu.

Na sisi tunalo letu, ambalo halipaswi kusahauliwa. Tarehe 1 Oktoba 2008, siku ya Idd el Fitr, mjini Tabora, watoto wasiopungua 19 walikufa kwa kukosa hewa na kukanyagana ndani ya ukumbi wa disko. Walikuwa wametoka kusherehekea Idd. Wazazi waliwavisha nguo mpya asubuhi na jioni wakaitwa hospitali kuwatambua.

Nalitaja hili kwa sababu moja. Tulisema mengi wakati ule juu ya ukumbi, joto na milango. Lakini swali lililo nyuma ya yote hayo hatukulijibu: mtoto wa Kiislamu siku ya Idd aende wapi? Unguja wana viwanja vya sikukuu, ambako watoto hupelekwa siku zote za Idd wakapanda bembea, wakanunua vikorokoro na kurudi. Katika miji mingi ya bara na hata ya pwani, mtoto hana kiwanja. Asipoandaliwa pa kwenda na wazazi na mji wake, ataandaliwa na mwenye ukumbi. Kwa hakika hili ndilo lililonifanya niandike makala hii, kuliko hata biashara.

Je, dini inaruhusu?

Atasimama mtu aseme: Idd ni ibada, mnataka kuifanya soko. Ni hoja ya kuheshimiwa, na inafaa ijibiwe.

Imepokewa katika hadithi sahihi kwamba Wahabeshi walicheza kwa mikuki msikitini siku ya Idd, na Mtume (s.a.w.) akamwachia bibi Aisha (r.a.) awatazame hadi alipotosheka. Furaha siku ya Idd, basi, ni sehemu ya dini yetu. Kinachokatazwa kinajulikana: israfu, ulevi, kamari, mchanganyiko usio na heshima, na kuacha swala. Mambo hayo yamekatazwa siku zote za mwaka, na tukio lililopangwa vizuri huyazuia kuliko sikukuu iliyoachwa bila mwenyewe.

Kisha tukumbuke kuwa Idd el Fitr huanza na zakatul fitri, ambayo hutolewa kabla ya swala ili maskini asihangaike kuomba siku hiyo. Huo ni mpango wa kijamii uliotangulia mipango yetu yote. Tukio la Idd linalompita maskini mlangoni limekwisha poteza maana yake kabla halijaanza.

Tuchukue Tanga

Sasa tulete somo nyumbani. Nauchukua mji wa Tanga kuwa mfano, maana ndio ninaoujua kwa miguu yangu.

Tanga ina nini? Ilianza kujengewa reli mwaka 1893, na mwaka huohuo mkonge ukaletwa nchini kupitia pwani hiyo. Novemba 1914 palipiganwa vita ambamo jeshi kubwa la Waingereza lilirudishwa baharini, na nyuki wakaingia katika historia kwa kuwauma askari. Ina mapango ya Amboni na magofu ya Tongoni yenye msikiti wa kale na makaburi ya nguzo. Ndiyo iliyotoa makundi ya taarabu ya Black Star na Lucky Star. Ina ufukwe wa Raskazone, ina machungwa ya Muheza jirani, na ina baiskeli nyingi kuliko kawaida ya miji. Ilipewa hadhi ya jiji mwaka 2005, na bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, limepangwa kuishia Chongoleani. Hata hivyo msemo unaowapendeza watu kuutaja ni ule wa waja leo waondoka leo. Sina ugomvi na msemo. Ninachosema ni kuwa mji ambao mgeni wake haondoki leo, akalala siku mbili, ndio unaofaidika naye.

Tatizo la kwanza ni kalenda. Mwaka wetu wa Kiislamu ni mfupi kwa siku kama 11 kuliko mwaka wa jua, kwa hiyo Idd huzunguka misimu yote kwa muda wa miaka kama 33. Mwaka 2000 Idd el Fitr ilikuja mara mbili, Januari na Desemba, na inatarajiwa kufanya hivyo tena mwaka 2033. Kuna miaka itaangukia masika, na kuna miaka itaangukia likizo za shule. Tena kuna suala la mwezi, ambalo kila mwaka huwafanya baadhi yetu wasali siku moja na wengine siku inayofuata. Huwezi kumuuzia mtu tiketi ya basi kwa tarehe usiyoijua.

Nionavyo mimi, dawa yake tumeishaiona Lamu: usiyaweke matukio ya mji siku ya Idd yenyewe. Siku ya Idd iachwe kwa swala, wazazi, jamaa na majirani. Tukio la mji liwe Ijumaa, Jumamosi na Jumapili ya kwanza inayofuata baada ya siku mbili za Idd kupita. Kwa mpango huo aliyesali mwanzo na aliyesali baadaye wote wamekwisha sali, na mgeni anaweza kupanga safari kwa wasiwasi mdogo. Na kwa kuwa wako watakaokuwa wanafunga sita, shughuli za vyakula zianze baada ya swala ya Magharibi.

Siku ya Ijumaa, baada ya swala, watoto wafunguliwe viwanja. Visiwe kimoja kikubwa, bali kadhaa vilivyogawanywa mitaani, kila kimoja na milango zaidi ya miwili, maji, kivuli, choo na mtu wa huduma ya kwanza. Mtoto avalishwe utepe wenye namba ya simu ya mzazi. Kiingilio kisiwepo, riziki ya wauzaji itoke kwenye bembea, ubuyu, aiskrimu na vikorokoro.

Jumamosi iwe ya bahari na barabara: mashindano ya ngalawa asubuhi, mbio za baiskeli mchana, bao na kahawa na kashata jioni. Washindi wapewe vitu vya kazi yao: tanga jipya la chombo, baiskeli, nyavu. Usiku ziwepo kasida, mashairi na visa vya wazee, kwa heshima yake.

Jumapili iwe ya kuutembelea mji. Magari yapelekwe Amboni na Tongoni kwa nauli inayojulikana, vijana waliofundishwa wakieleza historia kwa Kiswahili, maana wageni wengi watakuwa Watanzania wenzetu. Wakulima wa machungwa na viungo, mafundi wa useremala na washonaji wa kofia wapate vibanda kwa bei moja iliyobandikwa ukutani.

Wakristo wa Tanga nao wasionekane wageni katika jambo hili. Ni majirani zetu, wafanyabiashara wenzetu, na wengi wao ni ndugu zetu wa damu. Waalikwe kama wenyeji.

Fedha na hesabu

Hapa ndipo mipango mingi hufia. Unguja kuna tamasha la muziki lililoanza mwaka 2004 na kujulikana duniani kote. Mwaka 2016 halikufanyika kwa sababu ya uhaba wa fedha, kisha likarudi 2017. Kama tamasha lenye jina kubwa namna hiyo liliweza kukosa mwaka, sisi tunaoanza tuwe waangalifu zaidi. Tukio lisisimame kwa mfuko wa mfadhili mmoja. Litegemee vingi vidogo: ada za vibanda, michango ya wenye gesti na mabasi, na fungu dogo la halmashauri lililoandikwa katika bajeti, siyo ahadi ya mdomo ya mgeni rasmi.

Nitoe mfano wa hesabu. Siyo takwimu, ni mfano tu. Tuseme wamekuja wageni 2,000, kila mmoja akalala siku mbili na kutumia shilingi 40,000 kwa siku. Hizo ni shilingi milioni 160. Lakini usishangilie bado. Uliza zimebaki wapi. Kama vyakula vimeletwa na kampuni kutoka Dar es Salaam, jukwaa limekodiwa Arusha na vinywaji vinatoka mbali, fedha hizo zimepita Tanga kama lori la transiti. Kama zimekwenda kwa mama lishe, mvuvi, bodaboda na mwenye gesti ya vyumba sita, zitazunguka mjini mara kadhaa kabla hazijatoka. Kwa sababu hiyo ni vyema kanuni ikawekwa tangu mwanzo kuwa sehemu kubwa ya vibanda ni ya wakazi.

Baada ya tukio, ndani ya wiki mbili, kamati isome hesabu hadharani: vyumba vingapi vililaliwa, vibanda vingapi viliuza, watoto wangapi walipotea na kupatikana, taka kiasi gani zilizolewa, na shilingi ngapi ziliingia na kutoka. Kamati isiyosoma hesabu haifai kupewa mwaka wa pili.

Na awepo mtu mmoja mwenye dhamana ya usalama, mwenye mamlaka ya kufunga lango hata kama mkubwa gani yuko njiani. Seoul inatufundisha kuwa palipo na wenye jukumu wengi wasiojulikana, hapana mwenye jukumu. Polisi, zimamoto, skauti na wazee wa mitaa wakae meza moja mwezi mmoja kabla, wakiwa na ramani ya njia za kutokea.

Tuanze kidogo

Ndugu msomaji, sishauri tuanze na kishindo. Mwaka wa kwanza viwe viwanja viwili vya watoto na mashindano ya ngalawa tu. Vikienda salama, mwaka wa pili iongezwe baiskeli. Mwaka wa tatu wageni waalikwe rasmi. Lyon ilianza na mishumaa ya madirishani. Lamu ilianza na mwalimu na wanafunzi wake. Haba na haba hujaza kibaba.

Nami naweka pendekezo langu mezani kwa maimamu, walimu wa madrasa, madiwani na wafanyabiashara wa Tanga, na wa miji mingine yenye kutaka kufanya vivyo hivyo: kabla ya Ramadhani ijayo kiitishwe kikao kimoja, kisicho na posho, chenye ajenda moja tu. Ajenda hiyo ni kuandika orodha ya viwanja ambamo watoto wa mji watacheza salama wakati wa Idd, na jina la mtu atakayesimamia kila kiwanja. Mji ulioweza hilo utaweza na mengine. Na hata tukishindwa kupata mgeni mmoja kutoka nje, lakini watoto wote wakarudi nyumbani salama kabla ya Magharibi, sikukuu yetu itakuwa imekwisha kututangaza vya kutosha.

Wabillahi tawfiq.